Moto wa Kulainishia

Mtoni, Ijumaa alasiri

Mwanangu Somoe,

Umetoka sasa hivi kwenda kusukwa, umeniachia sanduku lako wazi katikati ya chumba. Msusi wako namjua, mikono yake haina haraka na mdomo wake haupumziki, kwa hiyo ninayo alasiri nzima. Nimekaa kwenye kigoda changu cha vitumbua, daftari lako la kidato cha nne liko mapajani, lile lenye kurasa zilizobaki nyuma. Usinicheke kwa mwandiko. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo kalamu naishika kusaini tu.

Mambo ya sweta, ya dawa, ya kutopokea chakula cha mtu usiyemjua kwenye basi, tumeyamaliza jana na juzi, na shangazi yako Mwajuma ameyarudia yote kwenye simu kana kwamba mimi sikusema kitu. Siyarudii. Nataka kukuandikia yale ambayo nikikaa mbele yako siwezi kuyasema. Ni mawili. Moja unalijua, ila hujawahi kulisikia kutoka kwangu. La pili hulijui kabisa.

Nianze na siku ya arobaini ya baba yako.

Ulikuwa na miaka kumi na minne. Unakumbuka alivyougua. Kifua kilimbana wiki mbili, nami kila asubuhi namwambia twende hospitali, naye ananijibu, "Ngoja nimalize pinde za watu, Mama Somoe, kisha nitakwenda popote utakaponipeleka." Zilikuwa za kikundi cha ngoma, wanazichezea jukwaani. Alizimaliza. Nikampeleka, na hakurudi.

Kuanzia hapo nikawa na ugomvi na pinde. Sikuwa na mtu wa kumlaumu, nikazilaumu zile fito saba za mkole, mti wake wa pinde, alizokuwa amezilaza juu ya boriti za banda zikauke. Mwaka mzima alizikausha kivulini, anazigeuza kila wiki kama mgonjwa wa kitandani. Nilikuwa nikipita chini yake nainamisha kichwa nisizione.

Basi siku ya arobaini watani wetu wakaja, kama ilivyo desturi, na mbele yao yupo Mama Shabani na kanga yake ya kujifunga kiunoni. Akaingia bandani, akatoka na mzigo wa fito kichwani, akautupa uani na kuukalia.

"Haya, wafiwa! Mali ya marehemu nimeikamata. Soda moja baridi, naiachia. La sivyo, pilau linaivia hapa hapa."

Watu wakacheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza kwenye nyumba yetu kwa siku arobaini. Shangazi yako akapaza sauti kutoka kwenye masufuria, "Wifi, mpe huyo mlafi soda yake, atuachie vitu vya kaka yangu!"

Kila mtu aliujua mwisho wa mchezo. Mimi natoa soda, yeye anarudisha fito, tunatupiana maneno kidogo, tunakula. Ndiyo kazi ya mtani msibani, kumchokonoa mfiwa mpaka mdomo wake ukumbuke kucheka. Mimi nikasema, "Pikia."

Akanitazama. "Wewe, Mama Somoe, mie natania."

"Nimesema pikia. Zote."

Mtani hawezi kurudi nyuma mbele za watu. Akaanza kuzisukuma chini ya sufuria, mmoja mmoja, taratibu sana. Sasa najua kwa nini alikwenda taratibu. Alikuwa ananipa nafasi ya kumzuia. Sikumzuia.

Wewe ulikuwa bombani. Sijui nani alikwambia. Nilisikia ndoo inaanguka, nikakuona unapita katikati ya wanawake, ukaushika ufito wa mwisho uliokuwa umekaa pembeni ya moto, ukauvuta kwa pindo la kanga. Ulipoukumbatia, mti ukapinda. Ufito mkavu wa mwaka mzima ulikufuata mkononi kama mtoto aliyelala. Ukasahau ulichokuwa unalilia. Ukaniita, "Mama, ona! Mama, umelainika!"

Nikakupiga kofi. Nilisema ni kwa sababu unacheka kwenye arobaini ya baba yako. Haikuwa hiyo. Nilikupiga kwa sababu ulikuwa umenionyesha nilichokuwa nakichoma. Kofi lile nimekaa nalo mkononi miaka sita. Nilitegemea litapoa lenyewe. Halipoi, mwanangu. Nisamehe. Nilipaswa kuyasema haya jioni ile ile, mikono yetu ikiwa bado inanuka pilau.

Nimenyanyuka kidogo kuwapa kuku maji. Nimerudi.

Halafu ukaanza kwenda nyuma ya nyumba. Ulipomaliza kidato cha nne na majibu yakaja yalivyokuja, asubuhi unaniuzia vitumbua, mchana unawasha moto wako kule kwenye ukuta wa choo na kuvunja miti. Ulikuwa unanunua mkole kwa wale vijana wanaoleta mipini ya majembe kutoka Kisarawe. Ule ufito uliouokoa ndio ulioujaribu wa kwanza, na ndio uliovunjika wa kwanza. Sauti yake niliisikia nikiwa jikoni. Kisha nikasikia panga linaanza kuchonga mwingine.

Mama Shabani alikuwa akipita anasema, "Shoga, huyu mwanao anapasua kuni vizuri, mlete na kwangu." Wewe unacheka. Mimi nilikuwa nageuza vitumbua.

Sikiliza sasa. Ulimwona baba yako anavyochonga, ulijua mikono yake yote. Ulijua kwamba kwenye upinde mgongo ni ule upande unaotazama mbele na haukatwi hata uzi mmoja wa mti, na tumbo ni upande wa mpigaji, ndio unaopunguzwa kwa kisu na kukwanguliwa kwa kipande cha chupa. Hayo uliyaona. Ila moto hukuuona, maana alikuwa akikunja pinde asubuhi ukiwa shuleni, na moto ulikuwa wangu. Baba yako alivuta ugoro tangu ujana wake, pua ikafa kabisa, hata samaki akioza alikuwa hajui. Mti ukiwa juu ya makaa, ananiita kutoka uani: "Mama Somoe, umeiva?" Nami nanusa, namwambia bado, bado, sasa. Miaka kumi na minane. Mkono wa kukunja ulikuwa wake, pua ilikuwa yangu, na siku zote watu walimsifu fundi nami nikaona ni sawa, kwani mie nilifanya nini, nilinusa tu.

Kwa hiyo nilijua. Kila ulipovunja nilijua kwa nini umevunja. Nilikaa hatua kumi kutoka kwako mwaka mzima na zaidi, nimefumba mdomo, nikitumaini kwamba utachoka na kutafuta kazi ya dukani. Niliona kukunyima ni kukulinda. Mtu akikunyima kitu huko uendako na kusema ni kwa faida yako, mwangalie vizuri, huenda naye anaogopa kitu chake.

Siku niliyoshindwa unaikumbuka. Niliacha vitumbua kwenye kikaango, mteja amesimama na bakuli lake, nikaja mbio.

"Toa hapo! Huo ni moto wa kuchomea, siyo wa kulainishia!"

Ukabaki umeshika mti hewani. "Kwani kuna moto mwingine?"

"Upo. Sogea."

Vitumbua viliungua vyote na yule mteja akaondoka ananung'unika. Sikujali. Nikautawanya moto wako, nikasubiri miali iishe, nikatandaza makaa na kuyafunika majivu membamba. Nikakwambia upake mti mafuta ya nazi upande wa tumbo, uuinue shibiri moja juu ya makaa, uusogeze mbele na nyuma bila kusimama. Ukauliza mpaka lini. Nikakwambia gusa upande wa mgongo. Mkono ukishindwa kuvumilia huko, joto limefika ndani. Na unuse. Kwanza mti utanuka nazi. Kisha nazi itakwisha, itakuja harufu kama njugu zinazokaangwa. Hapo hapo, usingoje tena. Ukisikia harufu ya sukari inayoungua, umechelewa, mti umekufa hata kama unaonekana mzima.

Tulipiga magoti wote wawili. Nikasema sasa, ukaukunja kwenye kalibu ya baba yako, ule ubao wenye vigingi, polepole, ukavuta na kutulia, ukavuta na kutulia, ukaufunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Haukuvunjika. Ulinigeukia uso umejaa majivu, ukasema, "Kumbe ulikuwa unajua?"

Hukuniuliza kwa nini nilinyamaza. Nimekujibu leo.

Sasa la pili, lile usilolijua.

Unajua jinsi Bwana Marko alivyokuja. Muuza vinyago mmoja alimwonyesha pinde zako, na Marko huyo ana kambi ya wageni huko karibu na Karatu na anataka fundi wa kuzitengeneza na kuwafundisha wageni. Akaja na viatu vyake safi, akasimama kwenye tope la uani kwetu, akakutazama kutoka juu hadi chini.

"Mimi nimeambiwa kuna fundi hapa."

"Umefika," ukamwambia. "Shikamoo."

"Marahaba. Fundi yuko wapi?"

Mama Shabani aliyekuwa ananunua vitumbua akadakia, "Baba, unaongea naye! Au ulitaka mwenye ndevu?"

Akacheka, lakini shaka haikumtoka. Akasema anataka upinde mmoja wenye ncha zilizokunjwa kwenda mbele. Atarudi Jumamosi na kijana wake, mtu wa nguvu. Kijana atauvuta mpaka shavuni mara mia moja. Ukivunjika, basi. Ncha zikifunguka hata kidogo, basi. Zikibaki kama zilivyo, kazi ni yako. Alipoondoka uliniambia, "Mama, kuchonga siogopi. Naogopa kunyooka." Nami niliogopa pamoja nawe, maana mti uliokunjwa kwa moto unakumbuka ulikotoka, na siku mbili tatu za mwanzo unatafuta njia ya kurudi.

Alhamisi asubuhi ulizikunja ncha zote mbili, ukazifunga kwenye kalibu, ukaniambia, "Usiguse mpaka kesho." Ukaenda Tandale kutafuta uzi wa kusokotea ugwe, kamba ya upinde. Uliporudi ulikuta ncha moja imefunguka, nikakwambia mpira umekatika.

Mpira haukukatika, Somoe. Niliufungua mimi.

Nilijiambia nauangalia tu. Nilikuwa nimezunguka ule ubao asubuhi nzima kama paka. Mtu aliyekaa kwenye moto miaka kumi na minane alijua kabisa kwamba mti haufunguliwi ukiwa na uvuguvugu, na bado akaufungua, kwa sababu hakuweza kukaa na kutojua. Mpira ulipolegea, ncha ikajivuta mikononi mwangu, ikanyooka karibu nusu. Nikajaribu kuirudisha kwa nguvu ikiwa imepoa, nikasikia mti unaalika kama unataka kupasuka. Nikaacha. Nikakata mpira kwa kisu cha vitumbua ili uonekane umekatika wenyewe, nikakaa nikikusubiri.

Hukugombana na mtu. Uliokota ule mpira, ukautazama ulipokatwa, ukautia mfukoni. Sijui kama ulijua. Kama ulijua, ulinionea huruma kuliko nilivyostahili. Ukasema, "Tunawasha tena. Mama, kaa hapa." Nikakwambia kichwa kinaniuma. Ukasema, "Kaa hapa, mie pua yangu bado changa."

Nilikaa. Mti uliopata moto mara ya pili umeshapungukiwa maji, nafasi kati ya njugu na sukari inakuwa nyembamba kama ukucha. Ulikuwa unausogeza juu ya makaa, mafuta yanatoa povu dogo kwenye ngozi yake, nami nimefumba macho. Bado. Nazi bado. Ukauliza, "Sasa?" Nikasema bado. Sikuwahi kumwambia baba yako bado kwa hofu kama ile. Kisha ikaja. Nikasema, "Sasa!" kwa sauti kubwa mpaka kuku wakaruka. Ukakunja. Haukualika. Ulikwenda mpaka kwenye kigingi cha mwisho kana kwamba ulikuwa unapataka siku zote. Ukaufunga, nami nikaenda kulala kwa Mama Shabani ili niwe mbali na ule ubao. Nilikudanganya kwamba ana mgonjwa.

Jumamosi uani kwetu hapakuwa na pa kukanyaga. Kijana wa Bwana Marko alikuwa na shingo kama gogo. Akavuta mara ya kwanza, ugwe ukalia, na watu wakaanza kuhesabu, Mama Shabani akiwaongoza kama mwalimu wa chekechea. Kumi. Ishirini. Wewe ulikuwa umesimama mikono nyuma, hutazami upinde, unatazama ncha zake tu. Arobaini. Kijana akaanza kutoka jasho. Alipofika sitini na ngapi sijui, ikasikika sauti, kraa, na watu wote wakakata pumzi. Mimi nilikaa chini pale pale kwenye tope.

Ilikuwa suruali yake.

"Endeleeni!" Mama Shabani akapiga kelele. "Kilichopasuka si cha fundi wetu, kimeshonwa kwingine!"

Sijawahi kusikia uani kwetu kunacheka hivyo. Kijana mwenyewe alicheka, akajifunga kanga ya Mama Shabani kiunoni, akaendelea. Themanini. Tisini. Watu walikuwa wanahesabu wakipiga makofi. Mia moja! Alipotaka kuushusha, Mama Shabani akamshika mkono. "Bado mara moja, baba. Hiyo ya marehemu." Akavuta, safari hii hakuna aliyehesabu, na nikamwona Mama Shabani anafuta macho kwa kiganja. Nilijua anakumbuka masufuria ya ile arobaini. Tulikuwa hatujawahi kuliongea. Tuliongea jioni ile, na soda yake nilimpa.

Bwana Marko akaulaza upinde kwenye kalibu. Ncha zikakaa kwenye vigingi vyake, huku na huku, hata unywele haukupita. Akainama, akazitazama, akauliza: "Kuchonga naona umerithi. Moto kakufundisha nani?"

"Mama," ukasema.

Nikasema, "Baba yake."

Ukanigeukia, na sauti yako haikuwa ya utani. "Mama."

Mwanangu, mimi nimeolewa, nimezaa, nimezika, nimeuza vitumbua miaka yote hii, na sijawahi kusimama mbele za watu nikaitwa kwa kitu ninachokijua. Nilisimama na tope langu nyuma ya gauni, nikatembea uani kwangu kama mwenye nyumba.

Kwa hiyo kesho nenda na kichwa juu. Huko uendako wapo watu ambao pinde ni zao tangu kabla babu zetu hawajaijua Dar. Watakuwa na moto wao, pengine hawatumii nazi, pengine wana harufu nyingine wanayoingoja. Kaa chini uwatazame. Usiwaambie mama yangu hufanya hivi, mpaka wakuulize. Na siku utakapofungua kitu mapema ukakiharibu, maana utafungua, umezaliwa na mimi, sema siku ile ile kwamba ni wewe. Nimeuweka uongo wa mpira kwa miezi miwili tu na umenichosha kuliko kuni za mwaka.

Nasikia sauti yako kwa jirani, umeshasukwa, unaonyesha nywele. Nimalizie.

Jana ulipokuwa unaaga kwa shangazi yako, walikuja wale wa kikundi cha ngoma, wale wale wa baba yako. Wanataka pinde sita kabla ya sherehe yao. Wakaniuliza kama zitawezekana. Nikawaambia zitawezekana, wazifuate mwisho wa mwezi. Walipofika kwenye kona ndipo nilipokumbuka kwamba fundi anaondoka, nikatoka mbio niwaite nirudishe neno langu. Nikafika mlangoni, nikasimama. Kisha nikarudi ndani, nikashusha kalibu ukutani na kuipangusa vumbi, kwa sababu fundi mwingine yupo.

Mama yako